Kwa mnaoanza kuuza krips Malindi: namba 319 haifufui mafuta

Kila kijana anayeingia kazi hii ya krips za muhogo huuliza mapema swali lilelile: wale wa kiwandani hutia unga gani hata pakiti yao ikae miezi, na zetu zianze kunuka baada ya wiki chache? Jibu fupi ni TBHQ, dawa ya kuzuia mafuta yasichache, ama ndugu zake BHA na BHT. Kwenye vibandiko mtaziona kama namba 319, 320 na 321, mara nyingine zikitanguliwa na herufi E. Jibu refu ndilo litakalowaokolea pesa, kwa hivyo nivumilieni.

Mafuta huchacha kwa kuambukizana. Oksijeni ikishaishika chembe moja ya mafuta, chembe hiyo huiharibu jirani yake, na jirani naye huharibu mwengine, mpaka pua ipate ile harufu kama ya sifa, mafuta ya papa yanayopakwa mashua. TBHQ huingia katikati na kutoa haidrojeni yake, mnyororo ukakatika. Lakini kila inapotoa, inatumika. Ikiisha, imeisha. Na mafuta ambayo tayari yameharibika haiwezi kuyarudisha. Ndiyo maana viwanda huitia mafuta yakiwa bado mapya, na huenda mtungi wenu wa lita 20 umeshatiwa. Someni maandishi yake kabla ya kutafuta unga wowote. Mafuta ya kupimiwa dukani hayana kibandiko, na kwa biashara ya pakiti mimi siyagusi.

Sasa tofautisheni magonjwa, maana hapa ndipo wengi hupotea. Krips zikilainika, huo ni unyevu, na hapa pwani hewa yenyewe ni maji. Tatizo liko kwenye mfuko na kuziba kwake. Achari ya embe ikiota kuvu, hiyo ni kazi ya chumvi, siki na usafi, kwa sababu TBHQ haiui kuvu wala bakteria kwa namna ya kutegemewa. Mkikaangia mafuta ya nazi na vyakula vikapata ladha ya sabuni, maji ya muhogo yameyavunja mafuta, si oksijeni. Nazi yenyewe haichachi upesi kwa hewa, ila haipendi maji, basi pangusa vipande vikauke kabla havijaingia karaini. Kuchacha peke yake ndiko namba 319 inakokuzuia.

Msinunue unga huo mkajitilia wenyewe. Tume ya Codex, ile ya FAO na WHO inayopanga viwango vya chakula, inaruhusu miligramu 200 kwa kila kilo ya mafuta, basi. Mtungi wa lita 20 una kilo 18 hivi, kwa hivyo ukomo ni gramu 3.6 kwa mtungi mzima. Kijiko cha chai kilichojaa kinaweza kuuvuka, na hapo hatujahesabu kile alichotia mwenye kiwanda. Mizani ya sokoni haipimi kiasi hicho. Isitoshe, kwenye moto wa nyuzi 170 na zaidi sehemu ya dawa huondoka na mvuke na nyingine huvunjika.

Je, ni sumu? Wateja watawauliza, hasa wazazi. Kiwango cha kila siku kilichokubaliwa na wataalamu wa FAO na WHO kwa TBHQ ni hadi miligramu 0.7 kwa kilo ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 anapata miligramu 42. Pakiti ya gramu 100 za krips, theluthi yake ikiwa mafuta yaliyotiwa mpaka ukomo, ina kama 7. Kwa mtu mzima sioni la kutisha. Mtoto wa kilo 15, hata hivyo, kikomo chake ni miligramu 10 na nusu, na watoto wa hapa hawaishii pakiti moja. BHA ndiyo yenye sifa mbaya zaidi: panya waliolishwa kwa wingi walipata uvimbe kwenye sehemu ya tumbo ambayo binadamu hana, na shirika la WHO la utafiti wa saratani likaiweka katika kundi la vinavyoweza kuleta saratani. Wajibuni wateja hivyo hivyo. Msiandike "haina kemikali" ilhali mtungi wenu umeandikwa 319. Huo ni uongo, na mteja mmoja Mwitaliano akigeuza pakiti na kuuliza mtaumbuka.

Lililo mikononi mwenu ni mengi. Msiongeze mafuta mapya juu ya yale ya jana yaliyochoka, kwa sababu ya zamani huyaambukiza mapya siku hiyohiyo. Chujeni makombo kila mpiko ukiisha. Msikaangie chombo cha shaba, wala msiache kutu karaini: shaba na chuma huharakisha uharibifu. Mfuko unaoonyesha ndani huuza vizuri, najua, lakini mwanga huchachisha. Wenye kupenda krips zao zionekane wanisamehe, mimi ni wa mfuko wa rangi ya fedha usiopitisha mwanga. Mafuta ya simsim yana kinga yake ya asili, ila kwa bei yake mtauza kwa nani?

Wenye kupeleka Lamu wana shida ya ziada. Mzigo hupita Garsen na Witu mpaka Mokowe, kisha boti, na wakati wa kaskazi boksi likiachwa gatini juani, joto linafanya kazi ya wiki nyingi. Semezaneni na mpokeaji kabla gari halijaondoka.

Na kabla ya kuandika tarehe ya mwisho, wekeni pakiti za kila mpiko mahali pawili, kabatini na dirishani. Fungueni moja ya kila upande kila wiki, mnuse, muonje. Wiki ile ya dirishani inaponuka ndiyo inayowahusu wenye vibanda vya ufukweni.