Kabla hujaandika mgh, irudishe ndoo bombani

Wadogo zangu wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), nilipokuwa kidato cha tano nilipata 3 kati ya 20 kwenye jaribio la kazi na nishati. Fomula nilizikariri zote. Shida ni kwamba kila kani niliyoiona niliitafutia nishati tuli yake (nishati ambayo kitu hutunza kwa sababu ya mahali kilipo), hata msuguano.

Likizo ile nilirudi nyumbani, pembezoni mwa Dodoma mjini. Bomba liko bondeni, nyumba iko juu kama mita 15, na njia ni mbili: ya kukatiza kwenye mawe, na barabara ya magari inayozunguka. Maji lita 20 ni kilo 20. Zidisha kwa 9.8 (g, uvutano kwa kila kilo), kisha kwa 15 (h, kimo): jouli 2,940. Hiyo ndiyo mgh, kazi ya kuipandisha ndoo. Nikapiga hesabu ya barabara kipande kwa kipande, ikaja 2,940 ileile. Mwinuko wake ni wa taratibu, ila urefu wake unafidia. Uvutano wa dunia haujali umepita wapi, unajali umepanda kiasi gani. Na ukiirudisha ndoo bombani, jumla ya kazi ya uvutano ni sifuri.

(Nilimwambia mama kwamba kusimama na ndoo kichwani si kazi. Akanijibu, "Haya, simama nayo mwanangu mpaka jioni." Misuli inachoma nishati kwelikweli; ndoo ndiyo haijapokea kitu.)

Siku chache baadaye nikaburuta gunia la mtama la kilo 50 kwenye sakafu ya saruji, mita 4, kisha mama akataka lirudi lilipokuwa. Msuguano ulikuwa kama nyutoni 200: jouli 800 kwenda, 800 kurudi. Gunia lipo palepale, na zile 1,600 hazipo. Nilipolilaza na kugusa kitako chake, kilikuwa na joto kidogo. Ningezunguka ukutani zingepotea nyingi zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kuandika mgh, au ½kx² (nishati tuli ya springi iliyovutwa au kubanwa), kirudishe kitu kichwani mwako mpaka kilipoanzia. Kazi ya kani hiyo ikitoka sifuri kwa njia yoyote ile, nishati tuli ipo. Isipotoka sifuri, usiitafutie. Iandike kazi yake pembeni, na alama yake. Msuguano huangukia huku, na kazi yake kwenye gunia ni hasi.

Alama za chanya na hasi nazo zinaua wengi. Ndoo ikipanda, uvutano unafanya kazi ya −2,940, nishati tuli inaongezeka 2,940. Moja ni kinyume cha nyingine, basi.

Juzi mwanafunzi wangu wa tuisheni alikataa kabisa kwamba nishati tuli inaweza kuwa hasi. Nikampa kisima cha mita 12, sifuri ikiwa usawa wa ardhi: ndoo ileile ikiwa chini ina −2,352. Akahamishia sifuri chini ya kisima, akapata 0 chini na 2,352 juu. Akatoa, akanyamaza kidogo, akasema, "Kaka, tofauti ni ileile."