Mkuu, damu hiyo kwenye mrija haingoji Alhamisi

Achana na supu. Umeuliza mzee ale nini baada ya kukatwa kichwa cha kongosho, na arudi lini shambani, halafu mwisho kabisa ukachomekea kwamba jana ule mrija aliowekewa tumboni wa kutoa maji ya kidonda cha ndani ulitoa "wekundu kidogo ila umekata", na kliniki ni Alhamisi. Hapo penye wekundu ndipo penye swali. Mpeleke hospitali ileile iliyompasua, leo hii.

Mimi nilipasuliwa hivyohivyo, na ilikuwa siku ya 13 baada ya upasuaji. Nilikuwa nyumbani, najisifu natembea mwenyewe hadi chooni. Wiki nzima mfuko wa mwisho wa mrija ulikuwa unapokea maji ya kijivu kama ya kusuuzia vyombo. Usiku ule nikaona uzi mwekundu umejilaza ndani ya mrija, damu mbichi kabisa, jumla haifiki vijiko viwili. Nusu saa, ikakata.

Shemeji akaikagua kwa tochi ya simu. "Hiyo ya mshono tu. Ingekuwa ya hatari ingekata yenyewe?" Shemeji kafanya kazi hospitali miaka tisa. Mapokezi! Kazi yake kutafuta mafaili, lakini akivaa ile miwani utaapa ndiye aliyeshika kisu. Nikamwamini kwa sababu alinipa ruhusa niliyokuwa naitafuta, ya kwenda kulala.

Saa kumi alfajiri mke wangu aliamka akidhani nimekojoa kitandani. Laiti ingekuwa mkojo. Mfuko ulishajaa, damu inapita pembeni ya mrija, na mimi naongea habari za ng'ombe ambao sina. Uniti 6 za damu, mrija mwembamba ukapitishwa kwenye mshipa wa kinena kwenda kuziba palipotoboka, kisha siku 9 kwa mahututi.

Daktari alinieleza baadaye, na hasira yake haikujificha. Pale kongosho liliposhonwa na utumbo pakivuja, maji yake ya kusaga chakula yanaanza kusaga na mshipa wa damu ulio jirani. Unatoboka kidogo, damu inaganda, tundu linaziba, nyumba nzima inashukuru Mungu. Saa chache au siku chache baadaye lile bonge linang'oka. Kwa hiyo kukata kwake hakukuambii chochote, na shemeji alikuwa ameisoma dalili kichwa chini miguu juu.

Damu mbichi kwenye mrija, hata kijiko kimoja, ni hospitali saa hiyohiyo. Kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami ni vilevile. Usiuvute mrija, usiubane, usimwage kilichomo mfukoni, madaktari wakione wenyewe. Asile wala kunywa njiani. Kama anachomwa sindano za kuzuia damu kuganda, ya leo isubiri mpaka uwaulize. Na ukifika usikae kwenye foleni ukiwa mpole, sema: "Kapasuliwa kongosho, siku ya ngapi, katoa damu kwenye mrija." Omba aonwe na daktari wa upasuaji na waulizie kipimo cha CT cha mishipa, ile picha inayoonyesha damu inavujia wapi.

Chakula: kidogokidogo mara nyingi, na kama amepewa vidonge vya vimeng'enya, vya kusaidia kusaga chakula, ameze anapoanza kula, asingoje amalize. Mengine wadau watajazia.

Shemeji bado anakuja kunijulia hali. Simwonyeshi hata kidonda cha kidole.

Bado unasoma? Viatu umeshavaa?