"Gift": zawadi, sumu na ndoa

Umeuliza inakuwaje "gift" iwe zawadi kwa Mwingereza na sumu kwa Mjerumani. Ni neno lilelile, hayakufanana kwa bahati. Yote mawili yanatokana na kitenzi cha kale chenye maana ya kutoa au kupa, ambacho ndicho mzazi wa "give" na "geben".

Kilichotokea Ujerumani ndicho kinachonivutia zaidi. Zamani hata kule "Gift" ilikuwa kitu kinachotolewa. Lakini matabibu walioandika Kilatini walitumia "dosis", neno la Kigiriki lenye maana hiyohiyo ya kutoa, kwa kipimo cha dawa (ndilo hili letu la dozi). Wajerumani wakafuata njia hiyo: "kilichotolewa" kikawa dawa aliyopewa mtu, halafu tafsida ya sumu, na tafsida ikaimeza maana ya kwanza. Leo zawadi kwao ni "Geschenk". Ile ya zamani imebaki ndani ya "Mitgift", mali anayopewa binti na wazazi wake anapoolewa.

Kiswidi, Kidenmaki na Kinorwe ndivyo vinavyoshangaza wageni: "gift" ni sumu, na pia ni mtu aliyeoa au aliyeolewa, kwa sababu binti "alitolewa" kwa mume. Hata Kiingereza cha kale kiliitumia kwa malipo ya kumpata mke. Waholanzi wao wametenganisha: "gift" ni zawadi au mchango, "gif" ni sumu.