Musa aje Bombo, lakini si peke yake

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Sauti uliyonitumia juzi niliisikiliza na mama yako, kisha nikaisikiliza tena peke yangu. Unauliza: "Baba, nimlete Musa akae nanyi Bombo mpaka atakapoanza kutembea, mimi nirudi kazini Jinja?" Nimeona afadhali nikuandikie, maana kwenye simu utaanza kulia na mimi nitakubali kila kitu.

Nyumba ni yenu. Kinachonikwaza ni hayo maneno "mpaka atakapoanza kutembea." Musa ametimiza miaka mitatu na bado hakai bila kushikwa. Yule mtaalamu wa viungo alitueleza wote wawili: mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani ubongo ulioumia ukashindwa kuongoza viungo vizuri, anayefika miaka miwili akiwa anakaa mwenyewe, mara nyingi hutembea. Ambaye hajakaa kufikia umri huo, kutembea bila msaada ni kazi kubwa kwake, na wengine hawafiki huko. Sisemi hatatembea. Ila tukilifanya hilo ndilo sharti la kumrudisha kwenu, anaweza kukaa huku mpaka aote ndevu.

Linalonipa wasiwasi zaidi ni kula. Unamjua mama yako. Nyinyi nyote aliwalaza mapajani akawanywesha uji wa ulezi mkitazama dari, na mkameza. Musa akilazwa hivyo uji unaweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo panapoanzia kikohozi kisichokwisha na homa ya mapafu. Yeye anatakiwa awe wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kije kutoka mbele usawa wa mdomo, si kutoka juu, kisha asubiriwe ameze kwanza. Matoke yapondwe na mchuzi wa karanga mpaka yawe laini lakini mazito. Maji matupu ndiyo yanayompalia upesi. Mlo mmoja unaweza kuchukua saa nzima. Haya hayafundishwi kwa simu. Mama yako atakwambia alilea watoto kabla wewe hujazaliwa, na ni kweli, kwa hiyo ni lazima aone mikono yako ikifanya. Mimi hanisikilizi hata kuhusu chumvi.

Sasa lile ulilolitaja juu juu, kwamba wakwe zako wanaona haya wageni wakimkuta Musa sebuleni. Kama safari hii ni ya kumficha, jibu ni hapana, na umwambie mumeo nimesema mimi. Hakuna aliyerogwa. Musa alichelewa kulia alipozaliwa, ubongo ukakosa hewa. Huko huko Busoga, watafiti walipita nyumba kwa nyumba Iganga na Mayuge wakakuta karibu watoto 3 katika kila 1,000 wana hali hii, na kiasi cha robo yao waliipata baadaye, kwa maradhi kama malaria iliyopanda kichwani. Ina maana watoto kama Musa wapo hata kijijini kwa wakwe zako, wamefungiwa ndani tu.

Kazi usiache. Dawa na nauli zinatoka kwenye huo mshahara. Chukua likizo, uje na Musa, mkae hapa mpaka mama yako aweze kumlisha wewe ukiwa umekaa tu unatazama. Mumeo naye aje, hata mwisho wa wiki mmoja, ajifunze kumbeba vizuri. Ukisharudi Jinja, wewe ndiye utakayekuja kumwona, maana kumpitisha mtoto huyu kwenye foleni ya Kampala kila mara ni kumtesa. Na ukianza kukosa kuja, nitamleta kwenu mwenyewe.

Kwa mazoezi nitampeleka Katalemwa, kile kituo cha watoto wenye ulemavu, ambako kutoka kwetu si mbali kama ilivyo kutoka kwenu. Pensheni ya jeshi haiwezi gari la kukodi peke yake, hapo tutachangiana. Akija kuhitaji upasuaji wa nyonga au miguu, hospitali ya CoRSU iko Kisubi, njia ya Entebbe, lakini hilo si la leo. Dawa ya kifafa lete ya zaidi ya mwezi, kwa sababu ikikatika ghafla degedege hurudi kwa nguvu. Mweleze mama yako asithubutu kumtia kijiko mdomoni akishikwa: alazwe ubavu, na mtu aangalie saa.

Kuna kitu nilikiona Idi iliyopita. Nilitaja redio, Musa akageuza macho kwenye rafu ilipo. Hasemi, lakini anajua, na tumekuwa tukimjadili mbele yake kana kwamba hayupo. Mliambiwa kliniki azoezwe kuchagua, aonyeshwe vitu viwili atazame anachokitaka. Hiyo niachieni mimi, muda ninao.

Fundi wa hapa sokoni amekubali kumtengenezea kiti chenye meza ya mbele, pa kuwekea miguu na mkanda wa nyonga. Mbao anazo, vipimo hana. Mwombe mtaalamu ampime Musa: kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, upana wa nyonga, na kutoka makalio hadi begani. Nitumie kabla ya Ijumaa. Baada ya hapo anaanza madawati ya shule, na mwezi huu hatutampata tena.

Ni mimi baba yako.