Mama anapasuliwa Jumatatu na usiku halali, tufanyeje?

Pole sana dada. Umesema mama anatolewa uvimbe kwenye kizazi, usingizi umemkimbia, na jirani ameleta chai ya mitishamba ya kumtuliza. Tafadhali chai hiyo iwekeni kando. Mitishamba mingine huzidisha kutoka damu au hugongana na dawa ya usingizi anayopewa mgonjwa wakati wa upasuaji, ndiyo maana madaktari wengi hutaka iachwe wiki mbili kabla. Kama ameshaonja, mwambieni daktari wa usingizi mapema, na hata vidonge vya kitunguu saumu vitajwe.

Muziki ndio ningeanza nao. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yenye majaribio 26 na wagonjwa zaidi ya 2,000, yaliona unapunguza wasiwasi kabla ya upasuaji. Mwekee kwenye simu kaswida au taarabu anazozipenda mwenyewe, na hedifoni.

Halafu pumzi. Mama yangu mdogo alikuwa ameshavaa lile gauni la kijani, anasubiri kuitwa, mikono baridi kama barafu. Nikamshika vidole, tukavuta hewa kwa pua huku nahesabu hadi nne, tukaitoa taratibu hadi sita. Baada ya dakika chache mabega yakashuka, akaniuliza kama watoto wamekula.

Na mwulizeni anaogopa nini hasa. Wengi huogopa kuzinduka katikati ya upasuaji na hawasemi. Akilitaja kwa daktari wa usingizi, ataelezwa jinsi anavyoangaliwa muda wote.