Kiti cha mtumba cha mtoto garini
Dada, umeuliza kama kiti cha mtumba kutoka soko la Owino, Kampala, kitamfaa mtoto wa miezi 8. Kitamfaa ukijua kilikotoka; kiti kilichowahi kupata ajali hakifai tena, hata kama nyufa hazionekani. Muuzaji akisitasita, kiache. Tafuta lebo ya rangi ya chungwa yenye R44/04 au R129, yaani alama za viwango vya usalama vya viti vya watoto garini.

Mwanao akae siti ya nyuma, uso ukielekea nyuma ya gari, angalau hadi miezi 15, maana shingo bado changa. Tafadhali usimweke hivyo mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, hata iwe Ntinda hadi Bukoto tu. Kaza mikanda mpaka vidole vishindwe kuukunja utepe wake begani. Mkienda Kabale kwenye baridi, mvue koti zito, mfunge, ndipo umfunike blanketi juu ya mikanda.