Nenda Wirksworth kaka

Umeuliza mji mdogo Uingereza wenye historia ya migodi na nguo pamoja, usiwe London wala Manchester. Mi nakwambia nenda Wirksworth, uko mkoa wa Derbyshire, na soko lake lina kibali cha mfalme tangu 1306.

Pale walichimba risasi, namaanisha yale madini mazito sio za bunduki, tangu enzi za Warumi, na wachimbaji walikua na mahakama yao wenyewe inaitwa Barmote, ikikaa pale kwenye jengo la Moot Hall kuamua nani ana haki na mgodi upi, na mpaka leo bado inakutana. Kuna chombo cha shaba nyeusi cha mwaka 1513 walichotumia kupimia mawe ya risasi ili mtu asipunjwe, kwangu mimi hicho ndo kitu kizuri kuliko vyote pale. Alafu ingia kanisa la St Mary's, ukutani kuna sanamu ndogo ya mchimbaji kashika sururu na kikapu chake, inagusa sana, maana wafalme ndo huchongwa, mchimbaji nani anamkumbuka?

Upande wa nguo kuna Haarlem Mill, Richard Arkwright, yule tajiri wa viwanda vya pamba, alimaliza kujenga kinu cha pamba hapo 1780, baadae pakawa pa kufuma tepe, zile nyekundu za kufungia mafaili ya serikali. Kijiji cha Cromford, kwenye kinu cha Arkwright cha 1771, ni karibu tu, unganisha zote siku moja.